Hita ya Bafuni Haipashi? Chukua Kidumu Kabla ya Bisibisi

Kama umesimama bafuni na povu kichwani na maji yamegeuka ya baridi, kwanza pole. Pili, usikimbilie dukani. Mimi ni fundi umeme, naishi Sakina, na kuanzia Juni mpaka katikati ya Agosti kazi yangu kubwa ni hita za kuogea, Arusha mjini na wiki nyingine Moshi. Simu zinaanza saa kumi na mbili asubuhi na maneno ni yaleyale: "Fundi, hita imekufa." Nikifika, mara nyingi naikuta nzima. Kilicho na shida ni maji yanayoingia, au umeme unaofika, au waya uliofungwa na mtu aliyekuwa anawahi daladala. Kwa hiyo mimi hukagua kwa mpangilio huo huo: maji, umeme, ndipo hita yenyewe. Wengi huanzia mwisho, na huko ndiko kwenye gharama.

Nyumba zetu zina hita za aina tatu. Kuna shawa ya umeme, kile kichwa cha plastiki chenye kitasa cha baridi, vuguvugu na moto. Hakina tenki, maji yanapashwa yakiwa yanapita. Kuna hita ya tenki, lile pipa jeupe la lita 30, 50 au 80 lililofungwa juu ya mlango wa bafu au darini. Na kuna sola ya juu ya paa. Nitakaa sana kwenye shawa ya umeme kwa sababu ndiyo iliyojaa vyumba vya kupanga kuanzia Sakina hadi Pasua kule Moshi, na ndiyo inayosingiziwa kifo kuliko zote.

Kabla ya kugusa chochote

Zima breka ya hita kwenye boksi la breka. Usitegemee swichi ya ukutani peke yake, maana huenda aliyeifunga alikata nyutro, waya wa kurudishia umeme, na kuuacha waya wa moto ukiwa hai muda wote. Nimeikuta hiyo zaidi ya mara moja. Ukishazima, gusa waya kwa testa uhakikishe hauna umeme, na kabla hujaiamini testa ijaribu kwenye soketi unayojua inafanya kazi. Simama pakavu. Kama hujawahi kushika testa maishani, pima maji kwa kidumu kama nitakavyoeleza, safisha chujio breka ikiwa imezimwa, basi. Mengine mwachie fundi.

Jambo moja halisubiri hatua yoyote. Ukigusa koki au bomba ukahisi umeme unakutekenya, hata kidogo, toka. Zima breka, mtu yeyote asioge, na fundi aje siku hiyohiyo. Koili, ule waya uliojiviringisha unaopasha maji, kwenye shawa nyingi inakaa uchi ndani ya maji. Kinachokukinga ni waya wa athi, na ukitekenywa ujue athi haipo, imekatika, au haifiki ardhini. Watu wanazoea haya. "Hiyo inatekenyaga tu, fundi," mpangaji mmoja wa Sombetini aliniambia huku akicheka. Nilifungua kichwa nikakuta waya wa athi umekunjwa vizuri kabisa, umeviringishwa tepu nyeusi kama zawadi, haujaungwa popote.

Maji: kipimo cha kidumu

Chukua kidumu cha lita tano na simu yenye kuhesabu sekunde. Weka kitasa kwenye moto, fungua koki kama unavyoifungua siku zote, kinga maji. Shawa ikiwa inatawanya, kinga kwa ndoo uliyoitia alama ya lita tano. Andika sekunde zilizopita mpaka kujaa.

Shawa nyingi zimeandikwa wati 5,500. Hizo ndizo nguvu zake zote, haina akiba. Ukiipa maji machache kwa dakika, kila tone linapata moto mwingi; ukiipa mengi, moto uleule unagawanywa. Sasa weka baridi yetu hapo katikati. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hewa inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 12. Tenki lililokesha juu ya mnara linakupa maji ya alfajiri ya, tuseme, nyuzi 16. Februari maji ya tenki hilohilo yanaweza kuwa na 22. Mwili unapenda kuoga kwenye 38 hivi.

Fanya hesabu: kutoka 22 hadi 38, wati 5,500 zinaweza kupasha lita 4.9 kwa dakika. Kidumu chako kitajaa kwa sekunde 61. Kutoka 16 hadi 38, hita ileile inaweza lita 3.6 tu, na kidumu kitachukua sekunde 83. Ukipima Julai ukaona kidumu kinajaa kwa sekunde 40, maji yako yanatoka na nyuzi 26 au 27. Hayo si ya barafu, lakini alfajiri ya Ngaramtoni hayana tofauti na baridi.

Dawa yake ni kukaza koki. Punguza maji, pima tena, punguza tena, mpaka kidumu kijae kwa sekunde 80 hadi 90. Najua inaudhi, maana mtu anataka mvua, si mkojo wa mbuzi. Lakini watu hufanya kinyume: maji yakipoa wanafungua zaidi, yanapoa zaidi, wanafungua zaidi, halafu wananipigia. Kwa sababu hiyohiyo shawa iliyompendeza mtu Moshi mjini, ambako ni chini kwa mita mia kadhaa na maji hayapoi kiasi hiki, akihamia nayo Ilboru inaonekana mbovu. Hita ni ileile.

Ukikaza kupita kiasi, hita inazima yenyewe. Hapo pia haijaharibika. Ndani ya kichwa kuna raba nyembamba kama kifuniko. Maji yakiisukuma kwa nguvu ya kutosha inanyanyuka na kubonyeza vidole vya shaba, umeme unapita kwenye koili. Utasikia "tik" ndogo, na taa za nyumba hufifia kidogo. Usiposikia tik, na taa nyekundu ya swichi inawaka, ujue umeme umefika ila maji hayana nguvu ya kuinua raba. Tatizo hili liko sana kwenye nyumba ambazo simtanki limewekwa juu ya paa la bafu lenyewe. Kila mita moja ya kimo inakupa presha ya kama sehemu moja ya kumi ya bari, na tenki ambalo sakafu yake iko nusu mita juu ya shawa halina cha kusukuma. Pandisha tenki, mita mbili juu ya shawa angalau, au funga pampu ndogo ya presha. Ukinunua shawa yenye nguvu zaidi hutapata kitu, kwa sababu raba ni ileile na maji ni yaleyale.

Kama zamani presha ilitosha na sasa haitoshi, tafuta uchafu. Maji yakirudi baada ya mgao huja na mchanga, kutu na tope la siku mbili. Zima breka, funga koki, fungua shawa kwenye ungio la bomba. Mlangoni pa maji kuna chujio dogo la wavu. Lisugue kwa mswaki mzee. Uso wenye matundu utoe na uuloweke kwenye siki usiku kucha, asubuhi pitisha sindano kwenye tundu moja moja. Unaporudisha, viringisha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mara sita au saba kufuata mwelekeo wa kukaza, na kaza kwa mkono. Spana itapasua plastiki, halafu utanichukia mimi.

Waliofunga pampu au wanaopata maji moja kwa moja kutoka bombani wana shida ya upande wa pili: presha kubwa mno, maji yanapita mbio, hayapati moto, na raba inachanika. Mara nyingi boksi la shawa huja na kipete kidogo cha plastiki chenye tundu jembamba, cha kuweka mlangoni pa maji kwenye presha kubwa. Mafundi tunakitupa na boksi. Kitafute, kikikosekana, funga koki ya kupunguzia kabla ya shawa.

Na wenye visima: maji yenye chumvi nyingi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na koili iliyo uchi ndani yake ni hatari zaidi. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake imefunikwa. Ulizia hiyo. Kuna anayedhani hita, au kuchemsha kabisa, kunatoa ile floraidi inayotia meno rangi ya kahawia huku kwetu chini ya Meru. Hakutoi. Ukichemsha, maji yanapungua, floraidi inabaki.

Umeme: pima wakati hita inafanya kazi

Kidumu kimechukua sekunde 85 na bado maji ni vuguvugu? Sasa tuje kwenye umeme.

Jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, mtaa mzima unapika, unapiga pasi na unaoga. Volti zinashuka. Hita ya wati 5,500 imehesabiwa kwa volti 230. Ukiipa 190, umepunguza volti kwa asilimia 17, lakini nguvu inapungua kwa karibu theluthi, inabaki wati 3,750 hivi, kwa sababu volti zikishuka na ampia nazo zinashuka. Kwa nguvu hizo kidumu cha Julai kinatakiwa kujaa kwa dakika mbili nzima. Ndiyo maana mtu anaoga vizuri saa tisa mchana, usiku anaapa hita imekufa.

Mwenye mita ndogo ya mkononi ya kupimia volti na omu, siyo LUKU, apime mara mbili, hita ikiwa imewashwa na maji yanatiririka. Kupima hita ikiwa imezimwa hakukuambii kitu. Mara ya kwanza kwenye boksi la breka, mara ya pili kwenye swichi ya hita. Kipimo hiki unagusa waya hai, kwa hiyo kama si kazi yako mwachie fundi. Ukipata 190 kote kuwili, umeme unaingia kwako ukiwa mdogo. Toa taarifa TANESCO, na wakati unasubiri oga mapema au kaza koki zaidi. Ukipata 225 kwenye boksi na 200 kwenye swichi, volti 25 zinapotelea ndani ya ukuta wako, na zinapotea kama joto. Hapo simamisha kuoga.

Wati 5,500 kwa volti 230 ni ampia 24. Waya wa mili mbili na nusu ni wa soketi, haukukusudiwa kubeba mzigo huo kila asubuhi. Mimi hufunga mili sita, waya wa shawa peke yake kutoka kwenye boksi, breka yake ya ampia 32, swichi yake kubwa nje ya bafu. Kudandia kutoka kwenye soketi ya chumbani ni kazi ya nusu saa na ni rahisi, ndiyo maana ipo kila mahali.

Hata waya ukiwa mzuri, angalia maungio. Mwaka jana mama mmoja wa Kijenge aliniita. "Shikamoo mama," nikaingia. "Marahaba baba. Hii ni ya tatu, na bado." Shawa mpya ilikuwa inang'aa ukutani, maji yanatoka moto dakika moja, yanapoa, yanarudi. Nilizima breka nikafungua kile kiungio cha plastiki cha skrubu, konekta tunaiita, iliyokuwa nyuma ya shawa. Ilikuwa imegeuka rangi ya karanga zilizoungua, imelainika upande mmoja na kuwa ngumu kama kaukau upande mwingine. Nikavuta waya wa nyutro kidogo tu. Ukabaki mkononi, shaba yake nyeusi. Skrubu haikuwa imekazwa, muungano ukawa unapata moto, unapanuka, unaachia, unapoa, unashika tena. Nikamuuliza hita mbili za kwanza ziko wapi. Alikuwa amezihifadhi chini ya kitanda kwenye mfuko wa salfeti. Nilizipima hapohapo sebuleni: koili zote mbili nzima. Akaishika ile konekta, akaigeuzageuza. "Kwa hiyo nimenunua hita tatu kwa ajili ya kiplastiki hiki?"

Tumia konekta ya porselini, ile nyeupe ya udongo, yenye uwezo wa ampia 32 au zaidi. Chuna waya vizuri, ingiza shaba yote chini ya skrubu, kaza, uvute kwa nguvu, ukichomoka, rudia. Baada ya wiki moja ya matumizi zima breka, fungua, kaza tena. Harufu ya plastiki inayoungua bafuni au kwenye boksi la breka ndiyo inayotangulia haya yote. Pua yako inaweza kukuokolea nyumba.

Breka nayo ina lugha yake. Ikikata papo hapo unapowasha, kuna shoti, au kama ni ile breka yenye kitufe cha kujaribia, kuna umeme unaovuja kwenda ardhini. Usiirudishe juu mara kumi kama unayepiga pampu ya kisima. Ikikata baada ya dakika tano au kumi, hita inavuta kuliko uwezo wa breka, au skrubu ya breka yenyewe imelegea na inapata moto. Kuweka breka kubwa juu ya waya mwembamba ili isikate ni kuamua kwamba kitakachoungua ni waya.

Kufungua shawa yenyewe

Ukifika hapa maji yako sawa, umeme uko sawa, na hita bado ni baridi. Basi ndiyo, huenda ni hita. Zima breka, jaribu kwa testa, fungua kichwa.

Weka mita kwenye omu, tenganisha nyaya, pima koili. Ya wati 5,500 kwa volti 230 inasoma karibu omu 9.6, tuseme kati ya 9 na 10.5. Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika. Mara nyingi utaiona kwa macho, uzi wa chuma umeachana mahali palipofanya weusi. Kama shawa ina ngazi mbili za moto, kila ngazi ina kipimo chake, na huenda moja imekatika na nyingine inafanya kazi. Huyo ndiye mteja anayesema "inapasha nusu".

Koili nzima? Tazama vidole vya shaba. Vikiwa vyeusi, visugue kwa msasa laini mpaka ving'ae. Vikiwa vimeliwa na kubaki vishimo, badilisha. Kisha raba: inyooshe kwenye mwanga, tafuta mpasuko. Raba iliyokakamaa hainyanyuki hata ukiipa maji ya mto Themi wote. Koili na raba za shawa zinazotumika sana hupatikana maduka ya vifaa vya umeme mjini, Arusha na Moshi, ila chukua ya zamani mkononi uende nayo. Koili zinafanana kwa sura na hazifanani kwa wati.

Ukifunga koili mpya, kitasa kiwe kwenye baridi na breka ikiwa chini. Fungua maji yatiririke dakika nzima, kichwa kijae, mapovu yaishe. Ndipo upandishe breka, ndipo ugeuze kitasa. Koili ikipata umeme bila maji inaungua kwa sekunde chache, mpya kabisa, na hakuna duka litakalokurudishia pesa.

Hita ya tenki

Tenki lina shida chache na zinajieleza. Kwanza subira. Lita 50 kutoka nyuzi 16 hadi 60 zinahitaji karibu yuniti 2.6 za LUKU, na elementi (ndiyo koili ya tenki) ya wati 1,500 itachukua zaidi ya saa moja na nusu. Anayewasha saa kumi na mbili kasoro robo ili aoge saa kumi na mbili hana hita mbovu.

Kama umesubiri na maji ni baridi kabisa, zima breka, fungua kifuniko cha chini. Kwenye themostati, kile kidhibiti joto, kuna kitufe kidogo ambacho huruka maji yakizidi joto. Kibonyeze. Kikishika na maji yakapata moto, vizuri. Kikiruka tena siku zinazofuata, themostati imechoka, ibadilishe. Usikubali fundi aiunge moja kwa moja "kwa muda". Tenki lililofungwa lisilo na themostati ni bomu, na sisemi kwa mafumbo.

Kisha pima elementi. Ya wati 1,500 isome karibu omu 35, ya 2,000 karibu 26. Pima pia kati ya mguu wa elementi na mwili wa chuma. Mita isome kuwa hakuna njia. Ikionyesha njia, elementi imepasuka ganda na ndiyo inayokata breka.

Kubadilisha kunakwenda hivi:

1. Zima breka, jaribu kwa testa, piga picha ya nyaya kwa simu kabla hujachomoa hata moja. Kichwa kinasahau.
2. Funga koki ya maji ya baridi yanayoingia kwenye tenki, fungua bomba la moto bafuni ili presha itoke na hewa iingie.
3. Toa maji kwa kuinua kikono cha valvu ya usalama, kwa mpira hadi nje. Kama maji yalikuwa moto, yaache yapoe kwanza. Nyuzi 60 zinaunguza ngozi kwa sekunde chache.
4. Fungua boliti za sahani ya elementi kwa msalaba, kidogo kidogo. Itatoka na tope. Ingiza mkono, komba mashapo yote.
5. Tazama fimbo ya magnesiamu pembeni ya elementi. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tenki. Ikibaki waya mtupu, weka nyingine, la sivyo baada ya muda utakuwa unanunua tenki.
6. Rudisha elementi na gasketi mpya, kaza kwa msalaba, fungua maji. Acha bomba la moto wazi mpaka litoe maji bila kukohoa hewa.
7. Sasa ndiyo washa.

Hiyo ya sita na ya saba naijua kwa mfuko wangu. Nilikuwa mwanafunzi wa fundi, kazi Shanty Town kule Moshi, nikafunga elementi mpya, nikapandisha breka nikiwa nasubiri maji ambayo kumbe yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Mlio wake ni kama chumvi kwenye mkaa. Mshahara wa wiki ukaenda kwenye elementi ya pili.

Valvu ya usalama ikidondosha tone tone wakati tenki linapata moto, iache. Lita 50 zikipashwa hadi 60 zinatanuka kwa karibu glasi tatu, na mahali penye valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma zinatokea hapo. Ikidondosha usiku na mchana, hata tenki likiwa baridi, ndipo utazame presha au ubadilishe valvu. Usiizibe kamwe.

Sola

Hapa sina mengi. Juni na Julai mawingu yanakaa juu ya mji hadi saa tano, wakati mwingine siku nzima, na hakuna sola inayopasha kwa mawingu kama inavyopasha Januari. Lakini angalia imeelekea wapi. Sisi tuko kama nyuzi tatu kusini ya ikweta, na jua la Juni linapita kaskazini: Arusha upande wa Mlima Meru, Moshi upande wa Kilimanjaro. Sola iliyoelekezwa kusini kwa sababu paa lilikuwa hivyo inakunyima jua mwezi uleule unaolihitaji. Mrija wa kioo ukipasuka, badilisha huo mmoja, alfajiri. Ukiingiza maji ya baridi kwenye mirija iliyokaa kavu juani saa saba mchana, itapasuka mingine mbele yako.

Ukimwita fundi

Mwambie ulichopima: "kidumu kinajaa sekunde themanini, mchana inapasha, usiku haipashi." Sentensi hiyo inaniokolea nusu saa, na inaniambia mapema kwamba huyu hataniuzia maneno wala mimi siwezi kumuuzia. Kwa kuvuta waya mpya, kufunga athi, au chochote ndani ya boksi la breka, mtake mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na umwombe akuonyeshe. Akisema hita imekufa, apime koili ukiona namba kwenye mita. Na akibadilisha kitu, kile cha zamani kibaki kwako, hata kama ni konekta iliyoungua. Yule mama wa Kijenge ya kwake ameitundika kwa uzi jikoni, karibu na LUKU, na mafundi wote wanaoingia huonyeshwa kwanza.